Jinsi ya Kupima Mzunguko wa Damu katika Mishipa Midogo kwa Kubonyeza Kidole cha Mgonjwa Mahututi

Muuguzi anayeshika zamu ya usiku katika wadi ya wagonjwa mahututi hujifunza mapema kutoiamini presha peke yake. Mashine inaweza kuonyesha presha ya kuridhisha, kwa kuwa damu inasukumwa ipasavyo katika mishipa mikubwa, ilhali katika kapilari, yaani vishipa vyembamba kuliko unywele ambamo chembe nyekundu hupita moja moja, damu imekwama au imepungua mno. Kwa kuwa ni humo oksijeni inamotoka katika damu na kuingia katika viungo, figo na ubongo vinaweza kukosa hewa huku karatasi ya vipimo ikisomeka vizuri.

Maambukizi yanapoenea mwilini, ukuta wa ndani wa vishipa hivi huvimba na kuvuja maji, chembe nyeupe hujibandika, na vibonge vidogo vya damu huziba njia. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaijua sura nyingine ya tatizo hilo: katika malaria kali, chembe nyekundu zenye vimelea hung'ang'ania kuta za kapilari na kuzuia nyingine kupita, na ndiyo maana mtoto anaweza kupoteza fahamu.

Kipimo chenyewe kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde, mwanga wa kutosha na, ikiwezekana, kioo safi cha slaidi kutoka maabara. Inua mkono wa mgonjwa ulingane na usawa wa moyo wake. Hata kama hajitambui, mwambie unachofanya: "Mzee, naomba kidole chako mara moja." Weka kioo juu ya nyama ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa kiganja, kisha ongeza nguvu polepole mpaka nyama iwe nyeupe kabisa. Shikilia hapo kwa sekunde 10, ukitazama mshale wa saa badala ya kuhesabu kichwani, kwa sababu mwenye haraka huhesabu kwa haraka. Achilia kwa ghafla, kisha pima muda hadi rangi irudi ilivyokuwa. Kwa mtu mzima, zaidi ya sekunde 3 ni kuchelewa.

Mgonjwa aliyefikishwa Nakuru kabla ya mapambazuko akitoka Molo, kwenye nyanda za juu zenye baridi, kwa bodaboda atakuwa na vidole baridi kwa sababu ya hewa tu. Mfunike blanketi kwanza, upashe mkono joto, ndipo upime. Kucha zenye rangi au hina hazisomeki, lakini nyama ya upande wa kiganja hubaki ikionekana hata kwa ngozi nyeusi sana. Vitabu hutaja pia madoa ya zambarau kuzunguka goti. Kwa ngozi zetu madoa hayo huonekana kwa shida, nami siyategemei. Badala yake, napitisha mgongo wa kiganja changu kutoka wayo kupanda juu, na pale baridi inapoishia nachora alama kwa kalamu. Alama ikishuka kuelekea kifundo baada ya saa moja, mambo yanakwenda vyema.

Rudia kipimo kila baada ya dakika 30 wakati wa kumwokoa mgonjwa, kwa kidole kile kile na, zamu ikiruhusu, mpimaji yule yule. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi zamani, tuliamini kwa usiku mzima kwamba mama mmoja anazorota na kupata nafuu kwa zamu, kumbe kila mmoja wetu alikuwa akibonyeza kidole tofauti, na mmoja alikuwa akipima kwenye mkono uliofungwa mkanda wa presha.

Kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kikikataa kusoma, usikimbilie kubadilisha betri. Kijaribu kwanza kwenye kidole chako; kikisoma kwako na kukataa kwa mgonjwa mwenye mkono uliopashwa joto, huenda kinakuambia damu haifiki vizuri kidoleni.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya kipimo: kuona kidole kinachelewa na kufungulia dripu yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 424 katika hospitali 28 za Amerika Kusini, ulilinganisha matibabu yanayoongozwa na kidole na yale yanayoongozwa na kipimo cha laktati, kemikali inayoongezeka katika damu viungo vinapokosa oksijeni. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 34.9 katika kundi la kidole dhidi ya 43.4 katika kundi la laktati, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba kidole ni bora, ila inampa moyo yeyote ambaye maabara yake haipimi laktati usiku. Lakini utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika viungoni ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa mkupuo walifariki kwa wingi zaidi. Vishipa vinavyovuja hupeleka maji hayo katika mapafu na tishu, na uvimbe huo huzidi kuvibana.

Basi mwite daktari au afisa wa kliniki mara moja, na mtafute chanzo pamoja: damu inayovuja, moyo uliochoka, maambukizi ambayo bado hayajapata dawa. Maji yakiagizwa, yatolewe kidogo kidogo, na baada ya kila kiasi sikiliza mapafu, hesabu pumzi na ubonyeze kidole tena. Kidole kisipobadilika baada ya maji, uliza kuhusu dawa ya kukaza mishipa kabla ya kutundika chupa nyingine. Pima pia mkojo kila saa. Mtu mzima wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30.

Wakati wa kukabidhiana zamu, andika sekunde za kidole kando ya presha, pamoja na saa, mkono uliotumika, na kama mgonjwa alikuwa amefunikwa.