Gobore na shabaha: kwa ndugu zetu mlio ughaibuni

Kila Desemba, watu wa Moshi wanaporudi nyumbani kuhesabiwa, pale kwetu Kibosho hakosekani kijana wa kunivuta pembeni kwenye migomba akiwa na simu mkononi. Safari iliyopita alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayeishi Uingereza. "Bamdogo, hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu kumi: mawili yamekaa karibu na katikati, manane yametawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Amejiunga na klabu ya wapiga bunduki za kale, amenunua gobore la gumegume, yaani la jiwe la kutoa cheche, lililotengenezwa kwa kuiga yale ya zamani, na sasa amekata tamaa. Anasema halilengi.

Linalenga. Nililipiga miaka kumi na mmoja nilipokuwa hukohuko, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza jioni ile. Wengine wenu mmeniuliza hayohayo.

Kwanza ujue kwa nini linatawanya. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi. Gobore la jeshi la Uingereza, lile linaloitwa Brown Bess, tundu lake ni kama milimita 19, lakini askari alipewa risasi ya milimita 17.5 hivi. Nafasi hiyo iliachwa makusudi, ili mtutu ukijaa masizi katikati ya vita risasi bado iteremke haraka. Gharama yake ni kwamba risasi inapotoka inagonga huku na huku, na ule mguso wa mwisho mdomoni ndio unaoipa mzunguko wake. Ikizunguka kwa upande, inapinda hewani kama mpira wa adhabu uliopigwa kwa pembeni ya kiatu. Mwingereza Benjamin Robins alilionyesha jambo hili karne ya 18: alipinda mdomo wa mtutu upande mmoja, risasi ikaanza kwenda upande huo, kisha ikarudi na kupita upande wa pili. Mwaka 1814 Kanali George Hanger aliandika kwamba bunduki ya askari wa kawaida, kama haikutobolewa vibaya, itampata mtu kwa yadi 80, labda 100. Zaidi ya hapo ni bahati.

Sisi hatuko vitani, hakuna anayetukimbiza. Kwa hiyo ile nafasi tunaiziba.

Pima tundu la mtutu wako wewe, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kama ni milimita 19, risasi ya 18.2 na kitambaa cha unene wa 0.4 pande zote mbili vinaujaza sawasawa. Kitambaa kiwe cha pamba au kitani, kilichofumwa kwa kubana. Kitambaa cha marekani kizito kilichofuliwa mara mbili kinafaa sana. Kisiwe na uzi hata mmoja wa nailoni, maana nailoni huyeyuka ndani ya mtutu. Kipake mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta ya nyuki, au mafuta ya zeituni ukikosa hayo. Mafuta ya injini na grisi ya gari viache garini, kwani vikiungua na baruti vinaacha utando kama lami.

Kipimo kikiwa sahihi utakijua mkononi. Risasi inahitaji msukumo thabiti wa kidole gumba kuingia mdomoni, kisha inateremka kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, bila kupigiwa nyundo. Ukiitoa kabla ya kuipiga, utaona alama za nyuzi za kitambaa zimejichora kwenye risasi kuizunguka pande zote. Zikionekana upande mmoja tu, kitambaa ni chembamba.

Baruti iwe nyeusi ya dukani, ya punje kubwa, daraja la Fg au FFg kwa mtutu mpana kama huu. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi usiitie kabisa, hata kijiko. Itaupasua mtutu mbele ya uso wako. Wala usimimine kutoka kwenye pembe la kubebea baruti moja kwa moja mtutuni. Cheche iliyobaki kutoka mlio uliopita inaweza kulipua pembe zima mkononi. Mimina kwenye kipimo kwanza, pembe uliweke mbali, ndipo utie. Kitabu cha mtengenezaji kitakupa kiwango cha juu, usikivuke. Mimi nilianza na greni 60 (karibu gramu 4), nikapanda tano tano, risasi tano kwa kila kipimo, bunduki ikiwa imeegemezwa, mita 25. Bunduki yenyewe ndiyo iliyochagua: kwenye 75 matundu yalikusanyika, kwenye 80 yakaanza kuachana tena. Hapo ndipo nikaenda mita 50.

Kuna kitu wageni wa mchezo huu hukiruka, nacho ni kuokota vitambaa. Uwanja ukifungwa na mkaruhusiwa kwenda mbele, tafuta vitambaa vyako kwenye nyasi, vinaanguka hatua chache tu kutoka ulipopigia. Vitandaze kiganjani. Kizuri kina doa jeusi katikati, duara safi mahali kilipobana kati ya risasi na chuma, na ncha zilizochanuka kama ua. Kilichoungua tundu katikati kinakuambia ni chembamba au mafuta ni haba. Kilichochanika kama kilichokatwa kwa wembe kinakuambia mdomo wa mtutu una ukali unaohitaji kulainishwa na fundi. Mwanangu yule hakuwahi kuokota hata kimoja.

Kushindilia sasa. Wawindaji wa zamani huku kwetu walisema shindilia mpaka mdeki uruke. Kuruka kwake kunakuonyesha kweli kwamba risasi imefika chini, lakini kila kipigo kinaiponda baruti kwa namna tofauti, na baruti iliyopondwa tofauti inasukuma tofauti. Sukuma kwa mkono mpaka risasi ikae juu ya baruti, kisha egemea mara moja, kwa uzito uleule kila safari. Chora alama kwenye mdeki mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, risasi haijafika, na uwazi kati yake na baruti unaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Usiwahi kuweka uso juu ya mdomo.

Alama hiyohiyo ingeniokoa siku niliyotia risasi bila baruti, nikizungumza na jirani. Mdeki ulizama kuliko kawaida na sikuutazama. Nikafyatua, kisahani cha baruti ya kuwashia kikawaka, mtutu ukanyamaza. Nikaushikilia kuelekea shabaha dakika nzima, kwa sababu moto unaweza kuchelewa, na ilibidi msimamizi wa uwanja anisaidie kuitoa risasi. Tangu siku hiyo nikishika pembe sisemi na mtu.

Baada ya kila mlio pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Masizi yakiongezeka, risasi ya tano si sawa na ya kwanza.

Gumegume liwe kali na lishikwe kwa kipande cha ngozi. Kisahani usikijaze, na baruti yake isizibe tundu la moto, lile linalopitisha moto kuingia mtutuni. Ikiziba inaungua kama utambi badala ya kumulika. Magobore mengi hayana alama ya kulengea ya nyuma, kwa hiyo shavu lako ndilo alama hiyo. Likiinuka upana wa kidole, risasi inapanda. Na kati ya kufyatua na mlio kuna kitambo. Baki umelenga mpaka moshi utoke. Mashindano ya MLAIC, kamati ya kimataifa ya bunduki hizi, hutoa milio 13 kwa dakika 30, bora 10 zikahesabiwa. Muda huo unatosha kabisa kwa asiye na pupa.

Kuhusu vibali: Uingereza gobore linahitaji cheti cha shotigani, na baruti ina kibali chake kutoka polisi. Ujerumani gobore la mlio mmoja linauzwa kwa aliyetimiza miaka 18, ila baruti ina kibali chake. Marekani sheria ya shirikisho ni nyepesi kwa bunduki za kale, lakini majimbo yanatofautiana, kwa hiyo uliza la kwako.

Msilibebe kuja nalo nyumbani mkidhani ni pambo. Hapa silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Na kama kuna gobore la babu darini, kutoka enzi za misafara ya Pangani, msilijaribu kamwe kwa niliyoandika hapa. Magobore mengi ya zamani yalitundikwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti kavu haizeeki. Lisielekezwe kwa mtu. Teremsha fimbo ya mti taratibu, uweke alama mdomoni, uitoe na kuilaza juu ya mtutu kwa nje. Ikifika kwenye tundu la moto, ni tupu. Ikipungukiwa vidole vinne, liache palepale, funga chumba, umwite mwenyekiti wa kijiji na polisi waje wenyewe.