Jinsi ya kupanua diski iliyojaa ya seva pepe bila kuizima

Wiki iliyopita nilimsaidia mwenzangu ambaye diski ya seva yake ya EC2 (seva pepe za Amazon, AWS) yenye Ubuntu ilikuwa imejaa kwa asilimia 100, hata hifadhidata ikakataa kupokea rekodi mpya. Njia tuliyoifuata ni hii.

Hatua ya 1. Chukua nakala ya diski nzima kabla ya kugusa kitu chochote, kwa sababu diski ya EBS, yaani diski pepe ya AWS, ikishapanuliwa haipunguziki.

Hatua ya 2. Ongeza ukubwa, hapa kutoka GiB 20 hadi 40, na badala ya KITAMBULISHO weka kitambulisho cha diski yako. Dashibodi inaweza kufanya kazi hiyo, ila mimi hutumia amri, kwa kuwa amri huhifadhiwa na kurudiwa vilevile siku nyingine:

aws ec2 modify-volume --volume-id KITAMBULISHO --size 40

Hatua ya 3. Panua patisheni, yaani kipande cha diski kinachobeba mfumo wa faili. Hapa ndipo nilipowahi kukesha hadi alfajiri. Ukiandika df -h utaona ukubwa wa zamani, nawe utadhani hatua ya pili imeshindikana, uongeze diski tena na kulipia nafasi usiyoihitaji. Andika lsblk badala yake: nvme0n1 itaonyesha 40G, huku nvme0n1p1 iliyo ndani yake ikibaki 20G. Diski imekua, lakini patisheni haijafuata.

sudo growpart /dev/nvme0n1 1

Acha nafasi kabla ya ile 1, kwani jina la diski na namba ya patisheni ni vitu viwili tofauti. Kwenye seva za kizazi cha zamani jina la diski huwa xvda. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba growpart huandika faili za muda ndani ya /tmp, hivyo diski iliyojaa pomoni huirudisha na ujumbe "No space left on device", yaani dawa inakataliwa na ugonjwa wenyewe. Usianze kufuta faili kwa pupa. Iazime /tmp kipande cha RAM:

sudo mount -o size=10M,rw,nodev,nosuid -t tmpfs tmpfs /tmp

Rudia growpart, kisha uondoe kwa sudo umount /tmp. Usiiache hivyo, maana faili zilizokuwamo awali zinafunikwa, na kikao cha tmux (programu inayoweka vikao vya terminali hai) ulichokiacha wazi hakitapatikana mpaka uiondoe.

Hatua ya 4. Panua mfumo wa faili. Kwa ext4:

sudo resize2fs /dev/nvme0n1p1

Kwa XFS ni sudo xfs_growfs -d /. Amri ya df -T itakuambia unao upi.

Hatua ya 5. Washa hifadhidata, kisha umtafute mlaji wa nafasi:

sudo du -xh --max-depth=2 /var | sort -h

Kwa mwenzangu, mlaji alikuwa /var/log/journal, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, tukamkata kwa sudo journalctl --vacuum-size=500M na kuweka SystemMaxUse=500M ndani ya /etc/systemd/journald.conf.