Kabla hujafunga kifaa chako kwenye roketi ya utafiti

Roketi ya utafiti wa anga ya juu hupaa na kurudi kwa dakika 5 hadi 20 hivi. Kifaa kikisoma vibaya huko juu, hakuna wa kukigusa. Kihakiki kikiwa bado mezani, yaani linganisha kinachosoma na chanzo ambacho nguvu yake inajulikana.

Hakiki mfumo mzima hadi redio inayotuma data, si kitambuzi peke yake. Fanya hivyo ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, kwa joto kitakalokutana nalo safarini. Kikitoka kwenye jaribio la mtetemo, pima upya. Kichujio cha alumini, kile kinachozuia mwanga wa kawaida, kimulike kwa taa kali gizani: tundu dogo tu linapitisha mwanga huo, ukaizamisha mionzi unayoitafuta. Karibu na sumakumita, kifaa cha kupima nguvu ya sumaku, skrubu za chuma ni marufuku.

Sasa uchafu, na hapa nisikilize vizuri. Kifaa chetu cha kupima urujuanimno wa jua kilihakikiwa kwenye sinkrotroni, mtambo wa kuzungusha elektroni unaotoa mwanga wa nguvu inayojulikana, kikatoka safi. Kikakaa wiki kadhaa kikingoja zamu ya kuruka. Ndani tulikuwa tumeshikiza nyaya kwa gundi ambayo hatukuioka kwenye ombwe. Gundi ikawa inatoa mvuke kidogo kidogo, mvuke ukatua kwenye kioo cha kuakisi mwanga, na urujuanimno ukiupiga mvuke wa namna hiyo huugeuza utando usiofutika. Kiliposhuka kwa parachuti nilikigeuza-geuza kioo kile chini ya taa: kinang'aa kama kipya. Tulipokirudisha kwenye sinkrotroni, usikivu ulikuwa umeshuka vibaya. Ulishuka lini? Tukiwa tunangoja? Angani? Kilipotua vumbini? Hakuna aliyeweza kujibu, na data yote ya safari ile haikuweza tena kutuambia jua lilikuwa na nguvu kiasi gani. Kazi ya miaka miwili. Bado inaniuma.

Kwa hiyo weka kioo shahidi: kipande kidogo kilichopakwa tabaka la kuakisi pamoja na kioo kikuu, kikae pembeni yake tangu siku ya kwanza. Kitoe siku chache kabla ya kuruka, kipime, andika tarehe. Oka kila gundi. Nitrojeni kavu ipite ndani hadi dakika za mwisho. Kifaa kikirudi, kihakiki tena kabla hakijasafishwa. Roketi zinazorushwa White Sands, New Mexico, Marekani, kurekebisha vipimo vya EVE, kifaa cha kupima urujuanimno wa jua kwenye setilaiti ya SDO iliyorushwa 2010, hutegemea vifaa vilivyopimwa kwenye sinkrotroni ya SURF kule Maryland.

Vaa glavu. Usifungue kifuniko kwa sababu kuna mgeni anataka kuona. Mtu akikuambia grisi kidogo haina neno, muulize ameipima wapi, na usiipake hadi akuonyeshe karatasi.