Kumkinga mbwa mwenye mzio dhidi ya viroboto na kupe

Mbwa mwenye mzio wa viroboto hahitaji kujaa viroboto ndipo ateseke. Kinachomwasha ni mate ya kiroboto yanayoingia ngozini kila anapoumwa, na wawili watatu kwa wiki wanatosha kumfanya ajitafune kiuno mpaka ngozi itoe majimaji. Kwa mbwa wa namna hii, kupunguza viroboto tu hakutoshi. Lengo ni asiumwe kabisa. Na kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hiyo ni kazi ya mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni viroboto

"Mbona sijaona hata mmoja?" Ni kweli hujaona, kwa sababu mbwa anayejilamba mchana kutwa huwameza. Angalia anajikuna wapi. Mzio wa viroboto hukaa nusu ya nyuma: kiunoni, shina la mkia, mapajani kwa ndani na tumboni. Anayelamba nyayo na kukuna masikio tu huenda ana mzio wa chakula au wa vumbi.

Kisha chukua chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana. Chana kutoka kiunoni kuelekea mkiani, meno yakigusa ngozi. Ukipata punje nyeusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa, zikung'utie juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa, usubiri dakika moja. Mchanga utabaki mchanga. Kinyesi cha kiroboto kitayeyuka na kuacha duara la rangi ya kutu, maana ni damu iliyosagwa. Hapo huna haja ya kumtafuta kiroboto mwenyewe.

Hatua ya 2: Mpime uzito

Panda mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe tofauti. Usikadirie kwa macho. Dawa hizi huuzwa kwa madaraja ya kilo, na mbwa wa kilo 22 akipewa kidonge cha kilo 10 hadi 20 atapungukiwa kinga. Kumkatia mbwa mdogo kipande cha kidonge cha mbwa mkubwa nako ni kubahatisha: hujui kipande kipi kimebeba dawa kiasi gani.

Hatua ya 3: Chagua dawa

Vidonge ndivyo vinavyofaa zaidi kwa mbwa ambaye ngozi yake imeshaharibika, kwa sababu havigusi ngozi na haviondoki kwa maji. Soma boksi utafute moja ya majina haya: afoxolaner au sarolaner, vinavyotolewa kila mwezi, au fluralaner, ambayo kwa viroboto hukaa wiki 12. Kwa kupe wa kahawia wa mbwa, baadhi ya lebo za fluralaner hutoa wiki 8 tu, kwa hiyo fuata muda ulio mfupi. Mpe pamoja na chakula, umwangalie mpaka ameze; wapo wanaoficha kidonge shavuni na kukitema nyuma ya banda.

Kidonge huua baada ya kiroboto kuuma, ila huua ndani ya saa chache, kabla kiroboto hajapata nafasi ya kutaga. Mambo matatu ya kuangalia kabla hujanunua:

- Mbwa aliyewahi kupata degedege. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba kundi hili la dawa linaweza kuleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Mweleze daktari wa mifugo historia yote.
- Mbwa mwenye mzio wa chakula pia. Vidonge vya kutafuna vingi hutiwa ladha ya nyama au soya. Soma viungo, au tumia dawa ya matone.
- Mtoto wa mbwa. Vingi vinaruhusiwa kuanzia wiki 8 na kilo 2, lakini lebo hutofautiana.

Ukitumia matone ya fipronil, tenganisha manyoya katikati ya mabega na umimine kwenye ngozi, si juu ya nywele. Ngozi iwe nzima. Kwenye kidonda yatamchoma. Asiogeshwe saa 48 kabla na saa 48 baada. Kosa hili ndilo linalofanya watu waseme "dawa imezoeleka", kumbe iliondoka na povu.

Mkanda wa shingoni wenye imidacloprid na flumethrin hukaa mpaka miezi 8, ila nunua mahali unapopaamini, kwa sababu bandia zipo. Uache nafasi ya vidole viwili, na kila wiki kagua ngozi iliyo chini yake. Ikiwa nyekundu, uvue. Kama una paka, usilete permethrin karibu naye. Matone ya mbwa yenye permethrin humuua paka.

Sasa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni rahisi, ipo kila duka la mifugo, na ndiyo inayoleta mbwa wengi kliniki wakiwa hoi. Kifuniko kimoja kwenye ndoo si kipimo. Ngozi yenye michubuko hunyonya dawa haraka kuliko ngozi nzima, na mbwa huilamba ikiwa bado mbichi. Akitoa udenda, akitetemeka, akitapika au akilegea kama mlevi, msuuze kwa maji mengi na sabuni laini, vaa glavu, umkimbize kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Kitunguu saumu ni sumu kwa damu ya mbwa. Mwarobaini haudhuru sana ukiupaka kidogo, ila hauzuii kuumwa kwa kiwango anachohitaji mbwa mwenye mzio.

Hatua ya 4: Tibu kila mnyama wa nyumbani siku hiyo hiyo

Paka anayelala juu ya tenki, mbwa mzee asiyejikuna, wote. Asiye na mzio anaweza kubeba viroboto bila kuonyesha dalili yoyote, akawa ghala la mwenzake. Paka apewe dawa ya paka.

Hatua ya 5: Hamia kwenye banda

Wale wa mwilini ni sehemu ndogo tu. Wengi wako chini, wakiwa mayai, mabuu na vifukofuko. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya. Hudondoka popote mbwa anapolala. Mabuu hukimbia mwanga na hufa yakikauka, kwa hiyo usiyatafute katikati ya uwanja unaopigwa na jua. Yako chini ya ngazi, chini ya gari, kwenye majani ya mwembe yaliyolundikana, chini ya sofa.

Fagia sehemu hizo, takataka uzitie mfukoni na kuzifunga. Tandiko lifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, kisha lianikwe juani. Gunia la kulalia litupwe; ukifunua mikunjo yake utakuta kupe wamejipanga kama kunde. Kupe wa kahawia akishiba hushuka, hupanda ukutani na kutagia kwenye ufa mayai maelfu. Ziba nyufa kwa saruji, piga chokaa, inua sakafu ya banda itoke ardhini. Banda la mbao lenye mianya mingi ni nafuu kulijenga upya kuliko kulipulizia kila mwezi.

Ukipulizia ndani ya nyumba, chagua dawa yenye pyriproxyfen au methoprene, zinazozuia mayai na mabuu kukua. Wanyama wote watoke mpaka pakauke. Kifukofuko hakipenyezwi na dawa, na kiroboto aliye ndani anaweza kungoja miezi mpaka asikie mtikisiko na joto la mnyama. Ndiyo maana wiki ya tatu utaona viroboto wapya ukadhani umetapeliwa. Endelea tu.

Hatua ya 6: Kagua kupe kila jioni

Papasa ndani ya masikio, chini ya mkanda, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha wala kumkamua tumbo. Usitumie kiberiti wala mafuta. Mtie kwenye spiriti, pasafishe, unawe mikono. Usingoje kesho: homa ya kupe inayoitwa erlikia inaweza kuingia ndani ya saa chache. Homa, fizi nyeupe, damu puani au mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni safari ya daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Tuliza ngozi

Muogeshe kwa maji yasiyo ya moto na shampuu ya mbwa, uiache dakika 10, usuuze mpaka maji yatoke safi. Sabuni ya kufulia na Dettol hukausha ngozi na kuzidisha muwasho. Vidonda vyenye usaha vinahitaji antibiotiki aliyoandika daktari, na muwasho mkali prednisolone ya siku chache kwa kipimo chake. Usimpe diclofenac wala ibuprofen ya nyumbani. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye mkundu, ni tegu anayetoka kwa viroboto aliowameza: dawa yake ni praziquantel, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa.

Baada ya hapo

Andika tarehe ya dozi ukutani, na aliyepewa jukumu awe mmoja, mwenye nyumba au mlinzi. Muwasho hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Manyoya hurudi polepole zaidi. Rudia jaribio la chanuo kila Jumamosi. Karatasi ikitoka safi wiki 12 mfululizo na bado anajikuna, tatizo si viroboto tena. Zungumza na daktari kuhusu kumjaribisha chakula kimoja tu kwa wiki 8, bila makombo ya mezani hata kijiko kimoja cha dagaa.