Somo: Vile unaeza rudisha mtoto wa mtaani shule na akae huko (Kisumu, Nakuru na huku magharibi)

Salamu nyote. Wengi mmeniandikia kando mkiuliza kitu kile kile, kuna kijana analala nje ya duka langu na anasema anataka kusoma, ama kuna msichana anazunguka stegi ya magari na mamake, nianzie wapi. Nimeona heri niandike hapa mara moja kila mtu asome. Na kabla ya hatua zenyewe naomba mshike hii moja: kumwandikisha shule ni kazi ya asubuhi moja, kazi yenyewe ni awe bado yuko darasani muhula wa pili, na hiyo haiwezekani kama hakuna mtu mzima mmoja ambaye mwalimu anamjua kwa jina na nambari ya simu, kwamba huyu ndiye wa huyu mtoto. Kama huwezi kuwa huyo mtu, tafuta atakayekuwa halafu ndio uanze.

Watoto wenyewe si wachache. Sensa ya familia za mtaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, wakubwa kwa watoto, na Kisumu na Nakuru kila moja ilipita 2,000. Na hao ni wale walionekana. Kuna wale wanalala wiki hii kwa shangazi, wiki ijayo kwa jirani, ijayo tena kwa kanisa, hawa hakuna mtu anawaita watoto wa mtaani lakini shule wanaikosa vile vile, kwa hivyo hizi hatua ni zao pia.

HATUA YA KWANZA: mjue kwanza, usimbebe.
Enda mchana, mahali pale pale, siku tofauti tofauti mpaka akuzoee. Pesa usimpe mkononi, nunua chai na mandazi mkae mle pamoja. Enda mapema asubuhi kabla hajaanza kuvuta gamu (ile gundi), hapo ndio mnaeza ongea. Usiende na askari wala gari yoyote ya kubeba watu, kwa Nakuru hawa watoto bado wanakumbuka 2019 vile iliripotiwa wenzao walibebwa usiku wakaachwa msitu wa Chemasusu kule Baringo, kwa hivyo akikuona na gari atapotea na hutamwona tena. Muulize alisoma shule gani mwisho, gredi gani, mwalimu gani anamkumbuka kwa jina, kama ako na ndugu wadogo na wako wapi. Kwa nini alitoka nyumbani usilazimishe, atasema siku yake ikifika. Andika yote kwa kitabu, hizo habari ndio zitakusaidia baadaye kwa ofisi.

HATUA YA PILI: afisa wa watoto.
Hii wengi wanairuka juu wanaona ni mambo ya ofisi. Usimchukue mtoto wa mtu ukamlaza kwako kimya kimya, hata kama roho yako ni safi namna gani, sheria ya watoto ya 2022 iko wazi kwamba mtoto anayehitaji ulinzi anapitia kwa afisa, na wewe ukifanya kivyako unaeza shikwa kama mwizi wa watoto. Nenda ofisi ya watoto ya sabkaunti yako, ama piga 116, laini ya simu ya kusaidia watoto, ni bure. Wataanza kutafuta familia, na mpango wa serikali wa 2022 hadi 2032 ni mtoto akae kwa familia, yake ama ya jamaa ama ya kulea, nyumba za watoto ziwe za mwisho kabisa. Lakini kama mtoto amekuambia nyumbani alikuwa anapigwa ama anafanyiwa mambo mabaya, mwambie afisa hapo hapo kabla hawajamrudisha. Omba barua ya kuonyesha kesi yake iko kwao, utaihitaji hatua ya tatu.

HATUA YA TATU: kuongea na hedticha.
Nenda peke yako siku ya kwanza, bila mtoto, asisikie akijadiliwa kama mzigo. Sheria unayo: katiba kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kuitisha karo ya masomo na inakataza kumbagua mtoto wakati wa kumsajili. Ijue lakini usiingie nayo ukipiga kelele. Hedticha naye ako na shida yake ya kweli. Pesa za serikali zimepangwa kwa kichwa cha mwanafunzi, 1,420 kwa mwaka msingi na 15,042 junia sekondari, na zinafuata wale wameandikwa kwa mfumo wa kompyuta wa wizara ya elimu, na mfumo huo unataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti kwake ni mdomo mwingine bila pesa. Ukimwonyesha unalielewa hilo, na uko na barua ya afisa mkononi, mwombe aanze kumpokea darasani na kumwandika kwa rejista huku wewe unafuata cheti. Wengi wanakubali. Anayekubali hata mtoto aoge kwa mfereji wa shule kabla ya paredi, huyo mshukuru sana, amekutatulia nusu ya shida.

Wamarekani wako na sheria yao ya McKinney-Vento tangu 1987, mtoto asiye na makao anaingia darasani mara moja hata kama karatasi hana, kila wilaya ya shule iko na mtu wao maalum, na ana haki ya kubaki kwa shule yake ya zamani na asafirishwe. Huku hatuna mtu kama huyo shuleni, lakini hiyo ya shule ya zamani iangalie sana. Kama alikuwa anasoma mtaa wa Manyatta hapa Kisumu na sasa analala karibu na soko la Kibuye, mrudishe ile ya Manyatta kama inafikika kwa miguu, wako na jina lake na rekodi zake, na pengine kuna mwalimu atafurahi kumwona.

HATUA YA NNE: cheti.
Usajili wa kuchelewa upo, hata mtoto akiwa na miaka 12. Anza na hospitali ama kliniki alikozaliwa, kama alizaliwa nyumbani anza na chifu wa huko, halafu ofisi ya usajili wa raia. Kitambulisho cha mama kinatosha kuanzia, usikubali kuambiwa bila baba haiwezekani. Kama mtoto aliokotwa na wazazi hawajulikani, na anaonekana hajafika miaka minane, katiba kifungu cha 14 inamchukulia kuwa raia wa kuzaliwa, hapo afisa wa watoto ndiye ataongoza. Inachukua muda, kuwa na subira. Cheti kikitoka toa fotokopi kadhaa na orijino ikae kwako, usimpe mtoto abebe, mvua na polisi vitaimaliza.

HATUA YA TANO: gredi gani.
Mwombe mwalimu ampime kusoma na hesabu kabla ya kumweka. Sheria haifungi mlango kwa sababu ya umri, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret, Kapkenduiywo, mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84. Lakini mtoto wa miaka 13 akiwekwa na wa miaka 7 aibu itamtoa kabla ya wiki kuisha. Heri akae karibu na umri wake, na jioni mtafutie mtu wa kumfundisha kusoma pole pole, mwalimu mstaafu ama kijana aliyemaliza fomu foo na yuko tu nyumbani.

HATUA YA SITA: sare, chakula, kulala.
Sare za mtumba zipo, usinunue mpya kabisa, mtoto akilala nje sare mpya itaibiwa ama atapigwa kwa ajili yake, acha sare ikae shuleni ama kwako na abadilishe asubuhi. Chakula cha mchana lipia mapema muhula mzima kama unaweza, juu siku ile atatolewa kwa laini ya chakula mbele ya wenzake ndio siku ya mwisho utamwona shuleni. Kuna kijana mmoja wa huku Kisumu, mwalimu wake alikuwa ananiambia huyu mtoto ni mchoyo, anaficha chakula. Kumbe anakula nusu ya githeri na nusu anatia kwa mkebe wa mafuta ya Kasuku ambebee mdogo wake aliyebaki stegi. Tukaongea na shule, mdogo akaletwa gredi ya kwanza, mkebe ukaisha. Kwa hivyo uliza kuhusu ndugu, mapema.

HATUA YA SABA: wiki za kwanza, halafu likizo.
Wiki za kwanza pita shuleni mara kwa mara hata dakika tano tu. Mwambie mwalimu wa darasa, kwa heshima, kwamba jina chokoraa lisitajwe, na kiboko kilikatazwa shule zote tangu 2001. Atalala darasani, usiku halali vizuri, si uvivu. Halafu likizo, Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, hapo ndio nimeona wengi wakirudi mtaani, shule imefungwa, chakula hakuna, marafiki wako pale pale. Panga likizo kabla shule haijafungwa: atalala wapi, atakula wapi, atafanya nini mchana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Rhonda: Mwalimu habari, mimi niko na kijana ana miaka 16, hajui kusoma kabisa na anasema hawezi kaa na watoto wadogo. Nimlazimishe?
Jibu: Usimlazimishe mama. Kuna masomo ya watu wazima, yale wazee wanaita gumbaru, na kuna vyuo vya ufundi vya kaunti. Kama anapenda magari ama welding mweke kwa fundi mzuri wa jua kali, ajifunze kusoma jioni, halafu akiiva afanye mtihani wa ufundi wa serikali, unaanzia gredi ya tatu unapanda hadi ya kwanza. Hiyo karatasi inampa kazi.

Ticha wa Nyalenda: Hedticha wetu anataka pesa ya dawati na ya kuingilia ndio ampokee. Mimi niko chini yake, nifanye nini?
Jibu: Pole mwalimu, najua si rahisi ukiwa ndani. Pesa ya kuingilia sheria ya 2013 inaikataza. Usigombane naye wewe, acha mlezi wa mtoto aombe aandikiwe hiyo pesa kwa barua yenye muhuri. Mara nyingi akiambiwa aandike inaisha hapo. Ikikataa, mlezi aende kwa mkurugenzi wa elimu wa sabkaunti na barua ya afisa wa watoto.

Muuzaji Kibuye: Huyu wangu anavuta gamu, si lazima aache kwanza ndio aende shule?
Jibu: Ukingoja aache utangoja sana ndugu yangu. Wanavuta juu ya njaa na baridi, watakuambia wenyewe. Akianza kula na kulala ndani unaona inapungua. Mpeleke hospitali aangaliwe, mwambie mwalimu ukweli, na mkubaliane hakuna gamu kwa geti ya shule. Siku amekuja amevuta asifukuzwe arudi mtaani, akae ofisini ama wakupigie simu.

Dada wa Kitale: Kuna msichana wa miaka 15 ako na mtoto mchanga, wanalala stegi ya magari. Anaruhusiwa kurudi shule kweli?
Jibu: Anaruhusiwa dada, wizara ilitoa mwongozo mwaka wa 2020 wa kuwarudisha shule wasichana waliojifungua. Lakini anza na usalama wao, leo, piga 116, msichana na mtoto mchanga wasilale hapo usiku mwingine. Na miaka 15 hiyo ni kesi, peleka kwa dawati la jinsia polisi, mwende na afisa wa watoto asihojiwe peke yake. Shule ifuate ukishajua nani atabaki na mtoto mchana, kama ni nyanya ama ni jirani, bila hiyo hatakaa.

Mzee wa Bondeni: Wangu nimemrudisha shule, akatoka, nimemrudisha tena, ametoka tena. Watu wananiambia niachane naye.
Jibu: Mzee usiachane naye. Nenda leo jioni pale huwa anakaa, usimgombeze, muulize ni nini kilifanyika ile siku ya mwisho shuleni, mara nyingi ni kitu kimoja tu, kiatu kilichoibiwa, mwalimu aliyemtusi, mtihani ambao hakuelewa. Halafu kesho asubuhi pitia kwa mwalimu wa darasa umwombe asimfute kwa rejista, na kama ni ile ya kiatu niandikie hapa nambari ya mguu wake, kuna wanachama wako na viatu.