Taa za jua za Noeli Bukavu: anza na plake, idadi ya vitaa baadaye

Kila Desemba watu wananiletea taa walizonunua soko la Kadutu kwa sababu boksi limeandikwa "vitaa 200". Zinawaka vizuri masaa mawili, halafu giza, na Misa ya mkesha haijaisha. Vitaa 200 juu ya plake (kile kibamba kinachovuna jua) ya ukubwa wa kiberiti ni watu kumi kuzunguka bugali ya mtoto mmoja.

Hatua ya 1: Angalia plake. Kati ya mbili za bei moja, chukua yenye plake pana, hata kama vitaa vyake ni nusu. Plake nyeusi au ya bluu kwa kawaida inavuna kuliko ile ya kahawia kama ya kalkuleta. Na iwe na waya wake mrefu, mita mbili au zaidi. Barazani panapopendeza ni chini ya mabati, na huko jua halifiki.

Hatua ya 2: Omba kifuniko cha betri kifunguliwe. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake. Nyingi ndogo zina betri moja ya Ni-MH ya volti 1.2, na pembeni imeandikwa mAh (miliampea kwa saa ambazo betri inabeba). Gawanya tu: betri ya 600, taa zinazokula miliampea 60, ni masaa kumi ikiwa imejaa. Msimu huu wa mvua haijai kila siku, basi hesabu nusu. Ikizeeka, usiweke betri ya redio ya volti 1.5: ile haikutengenezwa kuchajiwa, itavuja na kula vyuma vya ndani.

Hatua ya 3: Jaribu palepale. Weka kitufe kwenye ON, funika plake kwa kiganja. Taa ziwake. Huku zinawaka, chezesha waya pale unapoingia kwenye plake, zikikonyeza, rudisha. Kiungo hicho ndicho ninachochomea risasi mara nyingi kuliko vyote.

Hatua ya 4: Mvua. Tafuta alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji: IP65 ni bora. IP44 inavumilia matone, lakini plake yake iegeshe mahali mvua haipigi kwa nguvu. Tundu la waya litazame chini.

Hatua ya 5: Tafuta jua la asubuhi. Hapa ndipo wengi wanakosea. Siku nyingi za Desemba, mawingu yanajikusanya mchana na alasiri inanyesha. Chakula cha betri kinapatikana kabla ya hapo. Kwa hiyo elekeza plake mashariki, uiinamishe kidogo kusini, maana mwezi huu jua la saa sita linapita upande huo. Kama nyumba yenu iko mteremko wa magharibi, kilima kinawaficha jua mpaka limepanda: laza plake karibu bapa, na uiweke juu kabisa. Mparachichi si mahali pa plake, hata kama tawi linakuvutia.

Mwaka mmoja nilifunga plake yangu ukutani, chini ya ampulu ya uani. Umeme ulikuwa umekatika, taa zikang'aa, majirani wakasifu. Umeme ukarudi, uani kukawa na mwanga, na taa zangu zote zikazimika! Plake ilidhani kumekucha. Nilipanda ngazi usiku na tochi mdomoni kuihamisha, mke wangu akishikilia ngazi na kucheka.

Hatua ya 6: Zijaribu siku tatu kabla ya mkesha. Siku ya kwanza ziache juani bila kuwaka, lakini soma karatasi yake: kwenye aina nyingine OFF inakata hata kuchaji. Pangusa plake kwa kitambaa chenye maji. Halafu chagua mtindo wa kuwaka. Kumetameta kunakula kidogo kuliko kuwaka moja kwa moja, maana nusu ya muda vitaa vimepumzika. Mimi naweka ule wa kufifia polepole. Nikigeuka tu, watoto wamesharudisha ule wa kukimbia.