Somo: Kichwa cha treni ya mvuke cha karatasi, kuanzia kukata mpaka kupaka rangi

Wakuu habari zenu. Hili somo limeulizwa sana kwaiyo naliweka lote hapa, chukueni chai kwanza maana ni refu. Mfano nnaoutumia ni BR 52 ya Ujerumani (BR ni Baureihe, yaani toleo la kichwa) kwa skeli ya 1:25, yaani modeli ni ndogo mara 25 kuliko treni yenyewe. Hii ilianza kutengenezwa 1942, ni BR 50 iliyorahisishwa ili itoke kiwandani haraka, na zilitoka zaidi ya 6,000. Nimeichagua makusudi, ina magurudumu kumi makubwa na mawili madogo mbele kwaiyo ukiimaliza inatisha mezani, ila mwili wake hauna madoido mengi ya kukuchosha. Ukitaka kichwa kingine hatua ni hizi hizi.

Kabla hujashika kisu elewa kitu kimoja: adui wa karatasi ni maji. Gundi nyeupe ina maji, rangi ya akriliki ina maji, vidole vyako vina jasho. Ndo maana mimi nasema kazi ya rangi inaanza kabla ya gundi. Kurasa za mchoro wa modeli zikishaprintiwa, zipulizie vanishi isiyong'aa upande wa mbele tu, mikono miwili myepesi, uache zikauke kabisa. Upande wa nyuma usiuguse, gundi inahitaji pa kunywea.

Vifaa: manila ya gramu 160 hadi 200 kwa ngozi ya nje, kadibodi ngumu ya mm 1 kwa mifupa, kisu chenye bledi mpya (bledi butu inachana, haikati), rula ya chuma, bikari, kibanio kidogo cha kushikia vipande, msasa laini, gundi nyeupe, supaglu, na kalamu iliyoisha wino. Hiyo kalamu usiidharau, tutaiona mbele.

HATUA YA 1, fremu. Kata mbavu zote za kadibodi, zipachike bila gundi kwanza uone kama zinakaa, halafu ndo ugundishe juu ya kioo au ubao ulionyooka kabisa. Weka uzito juu, ondoka, rudi kesho. Fremu ikipinda hata kidogo hakuna rangi itakayoficha, gurudumu moja litaning'inia hewani na kila atakayeangalia ataliona hilo hilo.

HATUA YA 2, magurudumu. Hapa ndo kwenyewe. Watu wengi wanakimbilia boila (lile pipa refu la kuchemshia maji) kwa sababu inaonekana haraka, wakifika kwenye magurudumu wamechoka wanalipua. Gurudumu kubwa la BR 52 lina kipenyo cha mm 1,400, kwa 1:25 ni mm 56, sasa humo ndani kuna spoku za kukata moja moja. Siri ni mpangilio: kata matundu ya katikati ya spoku kwanza, duara la nje kata mwisho kabisa, ukianza na duara kipande kinakosa pa kushikwa na spoku zinavunjika. Pia usizungushe mkono, zungusha karatasi. Ukimaliza dondoshea supaglu polepole kwenye kadibodi, inanywa yenyewe mpaka inakuwa ngumu kama plastiki, hapo sasa unaweza kuisugua na msasa spoku zikawa za mviringo badala ya kuwa na kona. Fungua madirisha, moshi wa supaglu unawasha macho vibaya sana.

Halafu kuna hili ambalo hata mafundi wazoefu wanalisahau. Kwa injini ya silinda mbili, pini ya konrodi (fimbo ya chuma inayosukuma magurudumu) upande wa kulia na ile ya kushoto hazikai sehemu moja, zinapishana nyuzi 90. Ni kwa ajili ya kichwa kuweza kuondoka, pistoni moja ikiwa imefika mwisho wa njia haina nguvu ya kusukuma, basi mwenzake yuko katikati anasukuma. Ukiziweka sambamba modeli itapendeza ila mtu anayejua treni atacheka kimoyomoyo. Na lile donge la uzito kwenye gurudumu linakaa upande wa pili wa pini.

Paka magurudumu rangi sasa hivi kabla hujayafunga. BR 52 nyingi baada ya vita zilikuwa na magurudumu na fremu nyekundu, juu nyeusi. Ukisubiri mpaka mwisho brashi haitaingia nyuma ya spoku.

HATUA YA 3, boila. Hesabu ni kipenyo mara 3.14. Boila ya mm 68 inataka karatasi ya mm 213.5, ongeza kaulimi ka kugundishia. Ila angalia hapa, ukizungushia tabaka la pili juu yake, kama manila ina unene wa mm 0.25 basi tabaka la juu linatakiwa liwe refu zaidi kwa karibu mm 1.6, la sivyo haifungi na utaanza kumlaumu aliyechora. Kabla ya kuzungusha ikokote karatasi kwenye ukingo wa meza mara kadhaa ili ianze kujikunja yenyewe. Mshono uwe chini, tumboni.

Ribiti (pini za chuma za kuungia mabati) unatengeneza kabla ya kuzungusha. Laza karatasi kifudifudi juu ya mpira laini, chukua ile kalamu iliyoisha wino, bonyeza nukta kwa nyuma kufuata rula. Ukigeuza unakuta kistari cha vichwa vya ribiti vimetuna, mwanga wa pembeni ukipiga utafikiri chuma kweli.

HATUA YA 4, kibanda cha dereva na tenda (behewa la nyuma la kubebea makaa na maji). Hivi ni maboksi, fuata mistari. Kunja baada ya kupitisha kitu butu kwenye mstari, na kingo nyeupe zote za karatasi zipake rangi kabla ya kugundisha. Kingo nyeupe ndo zinazomwambia mtu kwamba hii ni karatasi.

HATUA YA 5, rangi. Praima (rangi ya msingi) ya kupuliza, nyembamba, kwa mbali, mara mbili au tatu. Nyeusi usitumie nyeusi tupu, modeli ndogo yenye nyeusi tupu inakuwa kivuli tu, maelezo yote yanapotea. Changanya na kijivu kidogo. Sehemu ya mbele ya boila chini ya bomba la moshi ifanye ya kijivu zaidi na ising'ae, kwa sababu pale hapajafunikwa na koti la kuzuia joto kama sehemu nyingine za boila, rangi inaungua. Boila yenyewe iache na mng'ao kidogo.

Kisha uchafu: masizi juu, karibu na bomba la moshi. Michirizi myeupe ya ukoko wa maji chini ya vifuniko vya kuoshea boila. Kahawia ya vumbi la breki huku chini. Konrodi chuma kitupu na oili kidogo kwenye maungio. Brashi karibu kavu, futa kwenye karatasi mpaka uone haina kitu, ndo uguse.

MASWALI

Swali: Mkuu, printa yangu ni ya wino wa maji, nikipulizia vanishi rangi zinachuruzika. Nifanyeje?
Jibu: Unapuliza karibu sana na nyingi kwa wakati mmoja. Rudi nyuma, piga vumbi tu la kwanza, liache likauke, ndo la pili. Vinginevyo kaprinti kwa leza, ile hailoi.

Swali: Naweza kuipunguza iwe 1:87?
Jibu: Printi kwa asilimia 28.7. Ila kaka, unene wa karatasi haupungui kwenye printa, kwaiyo penye kadibodi ya mm 1 inabidi uweke karibu mm 0.3, na spoku hutazikata kwa mkono, tafuta zilizokatwa kwa leza.

Swali: Konrodi zangu zinakwama kila magurudumu yakizunguka nusu, nimezikata kama mchoro ulivyo.
Jibu: Ekseli mojawapo haina nyuzi 90 sawa na wenzake. Toa konrodi zote, zirudishe kwa ekseli mbili mbili, ukifika kwenye inayokwama ndo hiyo. Kama tofauti ni ndogo tanua tundu la pini kidogo, ila ya magurudumu ya kati usiyaguse.

Swali: Samahani mwalimu, mimi boila imeingia mabonde baada ya praima, unaona kabisa mbavu zilipo kwa ndani.
Jibu: Usijali dada, hiyo ni ngozi moja tu juu ya mbavu zilizo mbali mbali. Usiivue. Zungushia tabaka jingine la manila juu yake, kumbuka ile mm 1.6, na gundi paka kwenye mshono peke yake, sehemu nyingine ziache bure.